Re: Gesi ikinuka usiku, nianze na nini kabla zimamoto hawajafika?

Mkuu, umeuliza uanze na nini, maana gari la zimamoto liko mbali na kwenu. Kwanza usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Cheche ndogo tu inatosha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia chini sakafuni. Dirisha peke yake halisaidii sana, fungua na mlango. Funga koki ya mtungi kama unaifikia, toa watu wote, halafu ukiwa nje ndipo upige 114. Ni namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Tanzania nzima. Waelekeze kwa alama: msikiti, shule, mti mkubwa. Mitaa yetu hii bila alama watazunguka weee. Kijana mmoja akawasubiri barabarani.

Kukagua uvujaji tumia povu la sabuni kwenye mpira na maungio, likitoa mapovu ujue panavuja. Kiberiti hapana, ingawa kuna mafundi wanafanya hivyo (nimewaona kwa macho yangu!).

Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, zima jiko, funika na mfuniko, usimwage maji kabisa.