Kamera ya tumboni: majibu ya maswali yenu

Daktari, shikamoo. Nina miaka 47 na siumwi popote. Kwa nini nipigwe kamera?

Marahaba. Kwa sababu saratani changa ya utumbo mpana kwa kawaida haiumi. Nyingi huanza kama kinyama kidogo ukutani mwa utumbo, kikakaa miaka kumi hivi kabla ya kugeuka saratani. Daktari akikiona kwa kamera, yaani mrija mwembamba unaoingizwa mdomoni au njia ya haja kubwa, hukinasa kwa kitanzi cha waya na kukikata papo hapo. Ndiyo maana Marekani, tangu 2021, wataalamu wanashauri hata wasio na dalili waanze kupimwa wakiwa na miaka 45. Kama mzazi au ndugu wa damu aliugua, anza mapema zaidi.

Mwaka jana kamera ilionyesha niko sawa. Sasa nasikia kuna za kisasa. Ile ilikuwa kazi bure?

Hapana. Ila ni kweli mwanga mweupe wa kawaida wa kamera hupitwa na mambo. Kamera za sasa zina kitufe cha kubadili mwanga uwe wa buluu na kijani. Damu hufyonza mwanga huo, vijishipa vikajitokeza wazi, na penye saratani changa huonekana vimejisokota ovyo. Kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, tunapuliza pia maji ya ayodini: sehemu yenye afya hugeuka kahawia, yenye ugonjwa hubaki na weupe. Umio uliokuwa safi machoni dakika moja iliyopita sasa una doa lenye mipaka yake! Lakini kifaa bila subira hakifai. Kwenye utumbo mpana, kuirudisha kamera polepole huku ukikagua kusipungue dakika sita. Programu za kompyuta zinazozungushia vinyama alama zinasaidia, ila nazo hazioni kilichofunikwa na choo.

Dawa ya kuharisha, ile ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo, inanitesa. Naweza kunywa nusu?

Tafadhali usifanye hivyo. Vinyama bapa hujificha chini ya choo kinachobaki. Omba uigawe: nusu jioni, nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Ukiona unachotoa ni maji ya njano yanayopenya mwanga, uko tayari. Kama unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Si afadhali kumeza kidonge chenye kamera?

Kinafaa sana kwa utumbo mwembamba. Lakini hakikati wala hakichukui kipande cha kupima.

Mama ana saratani changa ya tumbo. Wanasema wataitoa bila kumpasua. Inawezekana?

Inawezekana, kama haijapenya zaidi ya tabaka la juu. Ni mbinu iliyoanzia Japani: maji hudungwa chini ya doa ili liinuke, kisha kisu cha umeme kinachopita ndani ya kamera hulizunguka na kulibandua likiwa kipande kimoja. Apimwe pia kama ana bakteria wa vidonda vya tumbo, watibiwe wakipatikana. Majibu ya maabara yakija, uliza mambo mawili: kingo zimetoka safi? Mzizi umefika kina gani? Ukiwa umezama, au umeingia kwenye mishipa, huenda upasuaji ukahitajika.