Muulize Fundi: Inagonga asubuhi ya baridi, ikipata moto inanyamaza

SWALI: Fundi shikamoo. Gari yangu ni ya petroli, silinda 4, imeshatembea kilomita laki mbili na kitu. Tangu baridi ianze nikiwasha asubuhi inagonga ko-ko-ko-ko kama mtu anabisha hodi kwa kidole, inaendelea hivyo dakika tatu nne alafu inapotea kabisa mpaka kesho yake. Nimeipeleka gereji saa nane mchana, fundi akasema hasikii kitu ila kwa maelezo yangu bora tufungue injini tufanye oveholi. Nifungue?

JIBU: Marahaba. Usifungue, subiri kwanza. Kama hajaisikia hiyo kelele sasa anafungua nini? Hili huwa linaniuma sana kwenye kesi za baridi, watu wanapeleka gari mchana injini imeshapata moto, kelele haipo, fundi anakisia, na kukisia huko ni hela yako inayoondoka. Kelele ya baridi inasikilizwa kwenye baridi. Peleka gari jioni ilale hapohapo gereji, asubuhi fundi aiwashe mwenyewe boneti ikiwa wazi, na wewe simama pembeni na simu uhesabu kelele imechukua sekunde ngapi mpaka kukata.

Nasisitiza kuhesabu kwa sababu muda wa kelele unakuambia mengi kuliko mlio wenyewe. Ingekuwa tik-tik-tik nyepesi ya juu kwenye kava la valvu, inakata ndani ya sekunde chache, ningesema hizo ni tapeti za haidroliki, yaani vile vidude vya kusukuma valvu vinavyojazwa oili, usiku kucha oili imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, baridi imeifanya nzito, ikiwashwa inachelewa kupanda kuzijaza. Ingekuwa krrrr kama mnyororo unaburuzwa sekunde mbili tatu ningekuambia angalia cheni ya timing, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, maana tenshena zake nyingi, yaani vikazio vya cheni, zinasukumwa na presha ya oili hiyohiyo, na hiyo usiizoee hata kama inaisha haraka, cheni ikiruka meno kwenye injini nyingi valvu zinakutana na pistoni.

Yako inakaa dakika kadhaa, kwa hiyo mimi naona vitu viwili.

Cha kwanza ni pistoni. Pistoni ni ya alumini na ukuta wa silinda kwenye injini nyingi ni wa chuma, na alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Maana yake injini ikiwa baridi pistoni inakuwa ndogo ndani ya silinda, na kama sketi yake, yaani ubavu wake wa chini, imeshalika kidogo inayumba, inapiga ukuta kila silinda inapochoma, ko-ko-ko nzito yenye uwazi kama unagonga debe tupu. Ikipata moto inatanuka, inajaa vizuri, kimya. Injini ya namna hiyo inaweza kutembea miaka bila shida ilimradi hailambi oili na haitoi moshi wa bluu, ndio maana nakukataza kufungua kwa haraka.

Cha pili ni manifodi ya ekzosi, lile bomba linalopokea moshi kutoka kwenye silinda, na hapa naomba uwe makini sana sababu hii ndiyo inayowaponza watu wengi. Gasketi ikipasuka au boliti ikikatika, moshi unachomoka pale kwa mapigo, tk-tk-tk, ukiwa ndani ya gari unaweza kuapa ni injini inanoki. Chuma kikipata joto kinatanuka kinaziba huo mwanya na kelele inaisha, yaani tabia ileile ya pistoni. Nimeshashika gari ambayo mwenyewe alikuwa ameshaambiwa oveholi, nikatoa ile kinga ya joto nikamulika tochi nikakuta mstari wa masizi mweusi tii, mwembamba kama umechorwa kwa penseli, unaanzia pale gasketi inapokaa kwenye silinda hedi na kupanda juu, na boliti ya mwisho haina kichwa. Tukatoa kipande kilichobaki, tukaweka boliti mpya na gasketi, asubuhi iliyofuata imewaka kimya. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote mulika pale, na gari ikiwa ndio kwanza imewashwa sogeza kiganja karibu bila kugusa, utasikia upepo unapiga mkono.

Kama hakuna masizi, fundi achomoe waya wa noozeli (kinachopulizia petroli kwenye silinda) moja moja kelele ikiwa bado ipo. Nasema noozeli, sio koili ya cheche, ili petroli isiende bila kuungua kuharibu kataliti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Silinda ambayo ukiizima kelele inapungua au inakata ndiyo yenye shida, na hapo angalau mnaongelea silinda moja badala ya injini nzima.

Angalia na oili. Kuna watu wanaweka 20W-50 kwenye injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 wakidhani oili nzito inalinda zaidi, wakati ile namba kabla ya W ndiyo inayoonyesha oili inavyotembea kwenye baridi, ikiwa ndogo ndio inapanda haraka. Fuata kitabu cha gari. Na filta isiwe ya hovyo, nyingi zina kivalvu cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi yote chini, kikikakamaa kila asubuhi injini inaanza kavu. Ukishawasha usipige resi ili ipate moto haraka, ipe kama nusu dakika hivi alafu ondoka taratibu bila kukanyaga sana.

Ila sasa ikitokea kelele haipotei, imekuwa nzito ya chini, inazidi ukikanyaga mafuta na injini ina moto, au taa ya oili haizimiki, hiyo ni habari nyingine, hizo zinaweza kuwa beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Zima hapohapo na uivute kwa gari nyingine. Fundi afunge geji ya presha ya oili pale inapokaa sensa ndipo aamue kufungua.

SWALI: Habari fundi. Yangu inapiga mlio mkali kama filimbi asubuhi zenye baridi na unyevu, mpaka majirani wanaamka, naona aibu. Nilibadilisha mkanda wa oltaneta, wiki 2 tu ikarudi.

JIBU: Pole dada, na aibu usione, ni mkanda unateleza tu. Ukiwasha gari asubuhi stata imeshakula betri, oltaneta inafanya kazi kubwa kurudisha chaji, na mpira wa mkanda umekakamaa na umande uko juu yake, basi unateleza kwenye puli. Lakini mkanda mpya kulia tena baada ya wiki 2 maana yake ulibadilisha kilichoumia ukaacha kilichoumiza.

Chukua chupa ya kupulizia maji, kelele ikiwepo mwambie mtu apulizie kidogo upande wenye mifereji, akae mbali na feni, mikono ya nguo aikunje na nywele azifunge. Kelele ikizidi mkanda umelegea, yaani tenshena imechoka au haukukazwa sawa. Ikinyamaza kidogo alafu ikarudi, puli mojawapo haijakaa kwenye mstari na mwenzake. Isipobadilika kabisa hata kidogo naanza kuhisi beringi, hapo toa mkanda uzungushe kila puli kwa mkono, iliyokufa utaisikia inakwaruza kama ina mchanga. Na uangalie kama kuna oili au maji ya rejeta yanadondokea mkanda, hilo likiwepo hata ubadilishe mikanda 10 italia tu. Wanaokushauri upake sabuni au grisi usiwasikilize, kelele itakata siku moja na mkanda utaharibika.

SWALI: Pikapu ya dizeli, asubuhi ya baridi inawaka kwa shida, ikiwaka inanoki kwa nguvu na moshi mweupe, baada ya muda inatulia. Ni noozeli?

JIBU: Anza na glo plagi, zile plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, kabla ya noozeli, ni rahisi kupima. Dizeli inajiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa, silinda ikiwa baridi mafuta yanachelewa kushika alafu yanashika yote kwa mpigo, ndio huko kugonga unakokusikia, na yasiyoungua yanatoka kama moshi mweupe. Chomoa waya, pima kila glo plagi kwa mita, nzima kwa kawaida inasoma chini ya omu 2, iliyokatika haisomi kitu. Zikiwa zote nzima pima kama umeme unazifikia, mara nyingi ni rilei, ile swichi inayozipelekea umeme. Moshi mweupe ukiendelea hata injini ikishapata moto, hapo ndipo utoe noozeli zikapimwe, na upime kompresheni, yaani presha ya hewa ndani ya silinda, siku hiyohiyo.