Nyoka wa kijani kwenye mchikichi, tumuue au tumuache?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi niko Ujiji, nyuma ya nyumba tuna michikichi mitatu na bustani ya mchicha karibu na kisima. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka 9 kaona nyoka wa kijani, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, ana macho makubwa, walipomrushia mawe akavimbisha shingo, jirani akasema huyo koboko wa kijani, akikugonga hufiki hospitali, basi wakamuua. Jana nimeona mwingine kama yeye palepale kisimani. Nifanyeje? Mama wawili, Ujiji.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa mshtuko. Kwa ulivyomweleza naona mlimuua nyoka asiye na kosa. Kuna hawa nyoka kijani wembamba, wataalamu wanawaita Philothamnus, jina la Kigiriki maana yake mpenda vichaka, hawana meno ya sumu na mara nyingi hata mita moja hawafiki. Wanatembea mchana, wanaogelea vizuri, wanakula vyura na mijusi, ndo maana umemkuta kisimani, kafuata vyura wako, hakumfuata mtoto. Kuvimbisha shingo ni woga tu, anataka aonekane mkubwa mumwache aende zake, na inaniuma kwamba hicho kitendo cha kujitetea ndo kinamponza kila mara.

Ila hapa nisikilize vizuri. Yupo nyoka mwingine wa mitini anaitwa bumslangi, dume lake nalo mara nyingi ni kijani, na yeye pia anavimbisha shingo, kwahiyo shingo isiwe kipimo chako. Huyo mwili umejaa zaidi, magamba yanakwaruza, si laini, kichwa kifupi na macho makubwa mno. Ana sumu kali ya kuharibu damu isigande, na ubaya wake inachelewa, mtu anajiona mzima kabisa halafu baada ya masaa mengi fizi zinaanza kutoka damu. Mwaka 1957 kule Chicago mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt, aligongwa na bumslangi mdogo tu, hakwenda hospitali, akaandika mwenyewe dalili zake kwenye daftari na kesho yake akafariki. Mtu aliyesomea nyoka maisha yake yote! Sasa mimi na wewe tutamtambua kwa kumtazama juu ya mti sekunde mbili?

Kwahiyo asishikwe wala asipigwe mawe, wengi wanagongwa wakiwa kwenye kuua au kukamata. Mtoto arudi nyuma, amwachie njia, ataondoka mwenyewe. Na ikitokea mtu kagongwa na nyoka yeyote, mambo ya kuchanja, kufunga kamba au kubandika jiwe jeusi achaneni nayo, mtulizeni asitembeetembee, apelekwe hospitali hapohapo hata kama hasikii maumivu.

Majani makavu chini ya michikichi yaondoe, na siku ya kukata chikichi anayepanda aangalie juu kwanza kabla hajaingiza mkono.