Tromsø mwezi Juni? Badilisha tarehe kwanza
Ndugu, nimekuelewa: unataka kumpeleka mama Tromsø, Norwe, mwezi Juni, mkae siku mbili muone mianga ya kaskazini, yaani mwanga wa rangi unaocheza angani usiku. Tafadhali usilipie tiketi bado. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai jua halizami kule, na bila giza mianga hiyo haionekani. Nendeni kati ya Septemba na Machi. Mimi napendelea Machi, maana mchana nao ni mrefu wa kutosha kutembea.

Siku mbili ni chache mno. Adui mkubwa ni mawingu. Kaeni angalau siku nne, au mwongeze Abisko, Uswidi, ambako milima huzuia mawingu mengi. Kila jioni tazama utabiri wa mawingu kabla ya kipimo cha Kp, yaani namba ya 0 hadi 9 inayoonyesha nguvu ya mianga. Anga likiwa safi, hata Kp 2 inatosha. Kama hamjazoea kuendesha gari kwenye barafu, lipieni mwongozaji.

Umesema mama ana pumu. Baridi kali huweza kuiamsha, kwa hiyo aonane na daktari wake kabla hamjalipia chochote. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya zikiwemo Norwe na Uswidi, huweza kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari.