Jibu: Ufito wa kufumia makrame

Dada, umeuliza kama ufito wa paini wenye unene wa sentimita 1 utabeba pazia la makrame (kamba zilizofungwa mafundo kwa mkono) la upana wa mita moja. Hapana, utapinda katikati. Chukua wa sentimita 2.5. Huku Mafinga fundi seremala anakuchongea, ila hakikisha mbao imekauka kweli. Mbichi hutoa utomvu. Mimi pazia jeupe zima liliniharibikia hivyo, na doa halikutoka kabisa.

Piga msasa mpaka kiganja kiteleze, maana kijibanzi kimoja tu hunasa uzi wa pamba na kuuchambua. Acha ufito uzidi kazi yako sentimita 5 kila upande, kamba ya kuning'inizia ipate pa kushika. Mpini wa fagio nao unafaa, ukikwangua rangi kwanza.