Maswali ya wasomaji: Mdudu huyu ni nani?

Wanafunzi wangu wa darasa la nne huwaweka buibui, nyuki na jongoo kapu moja. Nianze wapi? (Mwalimu, Muheza)

Anza na miguu, mwalimu. Sita, ni mdudu. Minane, ni buibui au jamaa yake kama nge. Ikizidi hapo, una tandu au jongoo mkononi. Somo la siku hiyo liishie hapo, hata wakikuomba zaidi. Siku nyingine watafute kichwa, kifua na tumbo, waone kuwa miguu yote imeota kifuani. Mabawa yaje mwisho: nzi ana mawili, nyuki manne. Kuna nzi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaoelea juu ya maua wakijifanya nyuki, na watoto huwapenda kuliko wote. Wadudu wakavu wa kufanyia mazoezi wamejaa kwenye madirisha ya darasa. Majina ya Kilatini yasubiri sekondari.

Bwana shamba alituonyesha picha za kiwavijeshi vamizi, yule mla mahindi, lakini nikifika shambani viwavi wote naona ni wale wale. (Mkulima, Mbozi)

Hapo kosa si lako. Picha moja ya kiwavi mkubwa haimfundishi mtu kitu. Mimi humpa mkulima kiwavi hai kwenye kipande cha jani, nikamwambia atazame sehemu mbili tu. Usoni kuna alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Kisha nenda mkiani: kwenye pingili ya pili kutoka mwisho kuna madoa manne meusi yaliyojipanga mraba. Ukiziona zote mbili, ndiye. Rangi iache, kwani huyo huyo huwa kijani, kahawia au karibu mweusi. Akiwa mdogo mno alama hazisomeki vizuri, basi chukua mkubwa kutoka mmea huo huo. Fungua pia majani machanga ya katikati: kinyesi chake kibichi hufanana na unga wa mbao. Barani Afrika aliripotiwa mara ya kwanza 2016, kwa hiyo wazee wanaowajua vizuri bungua (viwavi wanaotoboa mabua) na viwavijeshi wa zamani nao inabidi wajifunze upya.

Wageni wanaita senene wetu nzige! (Bukoba)

Waonyeshe vipapasio. Vya senene ni vyembamba kama unywele na virefu kuliko mwili. Vya nzige ni vifupi na vinene. Basi.

Mwanangu aliamka na malengelenge shingoni, majirani wakasema ameumwa na Nairobi flai. (Mama, Kisumu)

Haumi wala hachomi, na wala si nzi. Ni mbawakawa mwembamba, mwenye mikanda myeusi na myekundu, anayefuata taa usiku. Sumu imo mwilini mwake, nayo humwagika akipondwa. Mfundishe mtoto kumpuliza, asimpige kofi. Akishapondeka, osha ngozi upesi kwa sabuni na maji, na mikono isiguse macho.

Lazima nimuue mdudu ili nimtambue?

La. Piga picha tatu: mgongo, ubavu na uso. Ziweke kwenye programu ya iNaturalist pamoja na mahali na tarehe, wengine watapendekeza jina. Likiishia kwenye familia, yaani ukoo wake, bila kufika spishi, yaani aina yake hasa, pokea hivyo hivyo. Wadudu wengi hutofautiana kwa viungo vinavyoonekana kwa hadubini tu.