Maswali na Majibu: Babu Mholanzi na Miaka ya Vita

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji ambao babu zao walikuwa Waholanzi. Wameambiwa nyumbani kwamba mzee "alikuwa jeshini wakati wa vita", yaani Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na habari imeishia hapo. Nimezipanga kwa kufuata hatua za utafiti wenyewe, kwa hiyo hata mwenye swali la mwisho atafaidika akianza na la kwanza.

Shikamoo mwandishi. Babu mzaa mama alizaliwa Uholanzi na kufariki huko mwaka 1978. Tuna jina lake tu. Tuanzie wapi? (Msomaji wa Arusha)

Marahaba. Msianzie jeshini, anzeni kwenye manispaa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, kila mkazi wa Uholanzi alifunguliwa kadi yake binafsi, iitwayo persoonskaart, na kadi za waliofariki nchini humo kati ya mwaka 1939 na 1994 hutolewa nakala, kwa malipo, na CBG, kituo cha historia ya familia kilichopo Den Haag (The Hague). Humo mtakuta tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi wake, ndoa, watoto, kazi, na anwani zote alizohamia, moja baada ya nyingine.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu vijana waliandikishwa jeshini kwa makundi ya miaka, yaani lichting, na kundi la mtu kwa kawaida lilikuwa la mwaka aliotimiza miaka 20. Aliyezaliwa mwaka 1919 ni wa kundi la 1939. Si kila kijana alivaa sare, lakini. Wapo waliookolewa na kura, wapo waliosamehewa kwa kuwa kaka zao walikwisha kutumikia, na wapo walioachwa kwa sababu wao ndio waliokuwa wakilisha familia. Mkishaipata tarehe, ombi la rekodi za utumishi hupelekwa Wizara ya Ulinzi ya Uholanzi au Nyaraka za Taifa, Nationaal Archief, kutegemea umri na cheo cha mhusika, na mara nyingi mtatakiwa kuthibitisha kwamba amekwisha kufariki. Angalizo moja dogo linalowapotezea watu muda mwingi: katika orodha za Kiholanzi, mtu wa ukoo wa "van den Berg" hutafutwa chini ya herufi B, si V.

Nyuma ya picha ya babu akiwa na sare pameandikwa "2-III-8 R.I." na mwaka 1940. Ni namba yake ya kijeshi? (Msomaji wa Nakuru)

Hapana, hiyo ni anwani ya kikosi chake, na una bahati kubwa kuwa nayo. R.I. ni rejimenti ya askari wa miguu, 8 ni namba ya rejimenti, III ya Kirumi ni batalioni, na 2 ya mwanzo ni kombania. Babu yako alikuwa kombania ya pili, batalioni ya tatu, rejimenti ya nane.

Rejimenti ya nane iliwekwa Grebbeberg, kilima kilicho karibu na mji wa Rhenen, na hapo ndipo palipopiganwa moja ya vita vikali zaidi vya siku zile. Ujerumani ilivamia tarehe 10 Mei 1940, kilima kikashambuliwa kuanzia tarehe 11 hadi 13, na zaidi ya askari 400 wa Kiholanzi wakafa hapo. Tarehe 14 Rotterdam ililipuliwa kwa mabomu, na kesho yake Jenerali Winkelman akatia saini hati ya kusalimu amri, ingawa mapigano yaliendelea siku chache katika jimbo la Zeeland.

Usikimbilie, hata hivyo, kuandika kwenye mti wa ukoo kwamba babu alipigana Grebbeberg. Picha inathibitisha kwamba wakati fulani mwaka huo alikuwa wa kombania hiyo. Haithibitishi kwamba Mei hakuwa likizo, hospitalini au kikosi kingine. Ripoti za mapambano za Mei 1940, ambazo ziliandikwa na waliokuwapo baada ya kushindwa, zimehifadhiwa katika taasisi ya historia ya kijeshi, NIMH, huko Den Haag, na zimepangwa kwa vikosi. Soma ya kombania yake kwanza. Ni kweli kwamba askari wa kawaida hutajwa humo kwa nadra, lakini utajua handaki lao lilikuwa wapi na saa ngapi waliliacha, nayo ni mengi kuliko familia nyingi zinavyojua.

Uholanzi ilishindwa mwaka 1940, lakini bibi alisisitiza kwamba babu alichukuliwa mateka mwaka 1943. Je, bibi alichanganya miaka? (Msomaji wa Utrecht)

Bibi yako alikuwa sahihi, na swali lako limenifurahisha kwa sababu linagusa jambo linalosahauliwa mno. Kati ya askari takriban 280,000 walioitwa kuanzia Agosti 1939, wengi walikuwa mateka kwa majuma machache tu. Hitler aliamuru waachiliwe, wakarudi kwenye mashamba na viwanda vyao. Tarehe 29 Aprili 1943 Jenerali Christiansen, mkuu wa majeshi ya Ujerumani nchini humo, akatangaza kwamba wote warudi utekani. Wafanyakazi wa kiwanda cha Stork mjini Hengelo waliacha kazi siku ileile, mgomo ukaenea hadi vijijini, na Wajerumani wakauzima kwa risasi. Waliouawa walizidi 150.

Baada ya hapo kila askari wa zamani alikuwa na njia tatu: kuripoti, kujificha, au kupata kibali cha kubaki kwa sababu ya kazi yake. Walioripoti walipelekwa kambi kama Altengrabow na Mühlberg. Kwa hiyo utumishi wa babu yako una vipande viwili, siku tano za mwaka 1940 na miaka miwili ya kambi, na ombi lako la nyaraka litaje vyote viwili. Ukiandika 1940 peke yake, utajibiwa kuhusu 1940 peke yake.

Babu yetu alizaliwa Java na alikuwa katika jeshi la huko. Tunaambiwa rekodi zake ziliteketea. (Msomaji wa Dar es Salaam)

Jeshi hilo ni KNIL, jeshi la koloni la Uholanzi katika Indonesia ya leo, nalo lilisalimu amri kwa Wajapani Machi 1942. Hata kama karatasi za familia zimepotea, Wajapani wenyewe walimjazia kila mateka kadi, na kadi hizo zimo Nationaal Archief, zimepigwa picha na zinatafutwa kwa jina kupitia intaneti. Kadi ina cheo, kikosi, mahali na tarehe ya kutekwa, na jina la baba na mama. Miaka huhesabiwa kwa utawala wa mfalme wa Japani, hivyo mwaka wa 17 ni 1942. Ukiona mistari miwili myekundu imekatiza kadi, jiandae, maana mara nyingi ni alama ya kifo. Linganisha na orodha ya Oorlogsgravenstichting, shirika linalotunza makaburi ya vita.

Nimekuta kitabu kidogo cha babu chenye mhuri wa tai na swastika. Naogopa kuuliza zaidi. (Msomaji ameomba asitajwe mji)

Mhuri huo peke yake hausemi kitu. Waholanzi wapatao 500,000 walipelekwa kufanya kazi Ujerumani, wengi kwa lazima, na vitambulisho vyao vilipigwa mhuri huohuo. Soma kichwa cha kitabu: kikiwa "Arbeitsbuch", ni cha kazi, na hatua inayofuata ni kutafuta jina lake katika Arolsen Archives, hifadhi ya nyaraka za walioteswa na Wanazi iliyoko Ujerumani, ambako utafutaji ni bure. Kikiwa "Soldbuch", hapo ni kitabu cha mshahara wa askari wa Kijerumani, na ni lazima tuseme wazi kwamba Waholanzi zaidi ya 20,000 walijiunga na Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi, kwa hiari.

Katika hali hiyo angalia kadi yake ya manispaa, kwa kuwa aliyetumikia jeshi la kigeni alipoteza uraia, kisha tafuta faharasa ya CABR, nyaraka za kesi za waliotuhumiwa kushirikiana na adui. Majina takriban 425,000 yaliwekwa wazi kwenye intaneti Januari 2025, lakini majalada yenyewe husomwa Den Haag kwa miadi. Wengi waliomo hawakufikishwa mahakamani kamwe, na wengine walishtakiwa na jirani mwenye kinyongo. Jina likiwemo, usiwaambie ndugu lolote kabla hujalisoma jalada.

Tuna picha ya babu, baharia, aliyopigwa Mombasa wakati wa vita. Meli ya Kiholanzi ilifuata nini huku? (Msomaji wa Tanga)

Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kikosi cha majini cha Uingereza cha Mashariki kilihamishia kituo chake Kilindini, bandari ya Mombasa, na manowari ya Kiholanzi Jacob van Heemskerck ilikuwa miongoni mwa zilizokitumikia. Lakini meli za biashara za Kiholanzi pia zilisafiri Bahari ya Hindi, na mabaharia wake walilazimishwa na serikali iliyokuwa uhamishoni London kuendelea na kazi bila kuwa askari. Chunguza kama amevaa sare ya jeshi la majini au nguo za meli ya mizigo, kwa sababu rekodi zao hazikuwekwa pamoja, na ombi lako ni lazima liseme unatafuta yupi.